Siku Rada Ilipopakwa Rangi ya Silva

Kwa sehemu kubwa ya ujana wangu nilioga nikiwa nimevaa kaptura. Bafu letu pale Misugusugu lilikuwa la makuti, halina paa, na kinyozi wetu alikuwa ametueleza kwamba kule juu kwenye milima ya Kisarawe kuna mtambo unaitwa rada, na mtambo huo unaona kila kitu kuanzia baharini mpaka Chalinze. Unaona kuku uani na unajua ni wa nani. Unaona mtu aliyejificha nyuma ya nyumba na aliyejificha naye. Kinyozi alikuwa na binamu yake mlinzi wa geti kulekule, na binamu huyo alimwambia kwa siri, kwa hiyo Misugusugu nzima tulijua, kwamba ndani ya kituo kuna chumba kimoja kinafungwa kwa kufuli, na humo ndimo kilimo kioo chenyewe, kikubwa kama ukuta, chenye rangi zote. Wafanyakazi wadogo wanaonyeshwa vioo vya kubabaisha. Kile cha kweli wanakiangalia wakubwa tu.

Sikuamini kidogo tu. Niliamini mpaka kwenye mifupa. Mama yangu ndiye aliyeniona nikitoka bafuni kaptura inachuruzika maji, akaniuliza kama ninayeoga ni mimi au ni kaptura. Nikamweleza habari za rada. Aliinua uso kutoka kwenye ungo, akasema, "Kama wamenunua mtambo wote huo ili wakuangalie wewe, baba, basi pesa yao imepotea." Akaendelea kupepeta mchele wake.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mnaokaa mbele ya skrini nyembamba kama chapati, mkiwa na vyeti vyenu vya mchana. Changu ni cha usiku. Nilisoma masomo ya jioni pale Kibaha baada ya kufyatua matofali kutwa nzima, na nilisinzia darasani kiasi kwamba nadhani nusu ya elimu yangu iliingia kupitia dawati, shavu likiwa limelala juu yake. Lakini iliingia. Na aliyeiingiza ni Bi Tunu, ambaye bila yeye ningekuwa nafyatua matofali hadi leo, tena mabaya.

Bi Tunu alikuwa mhandisi wa kituo cha rada, mzaliwa wa upande wa Mlandizi, binti wa wakulima wa muhogo na mpunga. Kazi yake ilikuwa Kisarawe, lakini jioni mbili kila wiki alikuja Kibaha kutufundisha fizikia sisi wazee wa darasa la usiku, bila kulipwa zaidi ya chai. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakupenda mtu aseme "nimeelewa". Alipenda mtu afanye. Ukisema umeelewa alikupa chaki akakaa kwenye kiti chako.

Nitawaeleza somo moja tu, kwa sababu hilo ndilo lililonilisha mpaka nikastaafu. Jioni moja alitutoa nje kabla giza halijaingia, akatupanga kwenye uwanja wa mpira, mstari mmoja kutoka kona hadi kona, kila mtu mbali na mwenzake. Akamtuma mwenzetu mmoja aende mbali kule nyuma na debe tupu na rungu. Sisi tukampa mgongo, tukafumba macho. Sheria ilikuwa moja: ukisikia debe, nyoosha mkono. Bi Tunu alisimama juu ya benchi akiangalia mikono.

Debe lilipopigwa katikati, mikono ikapanda karibu kwa pamoja. Lilipopigwa pembeni, mikono ikapanda kama wimbi, ikianzia upande ulio karibu na debe na kumalizikia upande wa pili. Akasema, mnaona, mimi sijageuka kumtazama mpigaji, lakini napajua mahali alipo kwa kuiangalia mikono yenu. Kisha akatukusanya, akatubananisha kama mkungu wa ndizi, akaamuru debe lipigwe tena katikati, kisha pembeni. Safari hii mikono yote ilipanda pamoja mara zote mbili. Hakuna wimbi. Akatuuliza debe lilikuwa wapi. Hakuna aliyejua, na aliyejidai kujua alipewa chaki hapohapo uwanjani.

Wanangu, rada yenye safu ya antena ni hiyo. Lile bango refu mnaloliona linazunguka juu ya mnara si sikio moja. Ni masikio mengi madogo yamepangwa mstari, na kila moja linasikia mwangwi wa mlio wetu ukirudi kutoka kwenye ndege kwa kuchelewa kidogo au kuwahi kidogo kuliko jirani yake. Kazi ya mashine ni kuyaambia masikio haya: wewe subiri kidogo, wewe subiri zaidi, wewe sema sasa hivi, mpaka yote yaseme kwa pamoja. Ule upande ambao yakisubirishana hivyo sauti zake zinapatana, ndiko ndege iliko. Zisipopatana, hakuna kitu upande huo, ni makelele tu. Na mstari ukiwa mrefu, unaweza kutofautisha ndege mbili zinazopita bega kwa bega. Ukiwa mfupi, ndege mbili zinakuwa doa moja. Ni hivyo tu. Vitabu vinaandika kurasa mia tatu, na mimi nimevisoma vyote, vingine nikiwa macho.

Bi Tunu ndiye aliyenitafutia kazi pale Kisarawe nilipomaliza masomo. Nilianza kama msaidizi wa fundi. Nilihamia huko, nikapanga chumba karibu na soko, na nitakiri jambo moja: siku ya kwanza nilipopita getini kitu cha kwanza nilichotafuta kwa macho ni mlango wenye kufuli. Na ulikuwepo. Mwisho wa ukumbi, mlango wa kijani, kufuli kubwa kama kobe. Nikajisemea, kinyozi hakukosea.

Kwa hiyo walipoanza kunionyesha skrini yenye nukta za kijani zinazotambaa, nilitabasamu kwa adabu. Nilijua ni kioo cha kubabaisha. Nilifanya kazi kwa bidii nikisubiri siku nitakayoaminiwa.

Siku hiyo haikuja haraka, na badala yake nilifundishwa mambo ya maana. Nilifundishwa kwamba nyaya zinazotoka kwenye antena ndogo lazima zote ziwe na urefu sawa, hata kama antena moja iko mbali na nyingine iko karibu, na ile ziada inakunjwa na kufungwa. Inaudhi macho, lakini ukiikata kwa sababu ya unadhifu umeyadanganya masikio, kwa maana ishara moja itafika mapema kuliko nyingine na mashine itadhani ndege iko Mkuranga. Nilifundishwa kufungua makabati ya vifaa polepole, kwa sababu mijusi wa Kisarawe wanapenda joto la umeme kuliko watu wanavyopenda pilau, na mjusi akikaa mahali pasipofaa atakutengenezea ndege isiyokuwepo. Nilifundishwa pia kuogopa neno "ongeza nguvu". Hilo nitalirudia.

Mbinu zimebadilika, sikatai. Mwaka wangu wa mwisho kazini, treni ya umeme ilipoanza kupita Soga, binti mmoja aliyeitwa Neema, hodari kuliko sisi wote, aliniita mbele ya skrini.

"Shikamoo Mzee Athumani. Kuna ndege inatua Soga."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia Soga hakuna kiwanja cha ndege.

"Imeshasimama, Mzee. Sasa inaondoka tena. Nadhani imechukua abiria."

Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kulikoni. Kompyuta imefundishwa kutupa kila kisichotembea: vilima, minara, mabati ya nyumba. Treni inatembea, tena kwa kasi, kwa hiyo kompyuta ikaipitisha kwa heshima zote kama ndege inayoruka chini sana. Neema alikaa na hesabu zake, akaichorea reli mipaka ndani ya programu, na kabla ya wiki kwisha treni zikaacha kuruka. Zamani kazi hiyo tungeifanya kwa kushika kalamu ya nta na kuchora moja kwa moja kwenye kioo, na kila aliyefuta kioo vibaya alifuta na reli. Nawashukuru ninyi wenye kompyuta. Lakini angalieni: Neema hakuiamini nukta kwa sababu tu inang'aa. Aliniita kuuliza. Huyo atakuwa fundi.

Sasa nije kwenye rangi.

Nilipokuwa bado msaidizi wa fundi, mkuu wa kituo alikuwa Mzee Shirima, mtu wa kaskazini, mpole, msafi, mwenye kupenda kituo kama mtu anavyopenda shamba lake la migomba. Ilikuja taarifa kwamba mgeni rasmi atatembelea kituo. Mnajua wenyewe mgeni rasmi akitajwa kinachotokea. Mawe ya pembeni mwa njia yakapakwa chokaa. Vigogo vya miti vikapakwa chokaa mpaka kiunoni. Nguzo ya bendera, mapipa ya taka, ngazi. Mbuzi wa mlinzi alinusurika kwa kuwa na mbio.

Bi Tunu hakuwepo wiki ile. Alikuwa kwao Mlandizi kwenye msiba wa shangazi yake. Laiti angekuwepo.

Jioni ya kuamkia ugeni, Mzee Shirima alisimama uwanjani akatazama juu, akaona lile bango la antena, na kifuniko chake cha fiberglasi, ile plastiki ngumu, kilichochakaa kwa jua, kimekuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Akaona aibu kwa niaba ya taifa. Akamwita Kondo, fundi rangi wa pale sokoni ambaye tayari alikuwa ametumaliza kwa chokaa, akamuuliza kama ana rangi ya heshima. Kondo alikuwa na rangi ya silva, ile wanayopaka mageti na magrili ya madirisha. Tukazima mtambo, Kondo akapanda, akaanza kupaka kutoka kushoto, na mimi nikashika ngazi nikisifu kila mpigo wa brashi. Ilipendeza, sisemi uongo. Iling'aa kiasi kwamba kunguru wawili walikuja kujitazama.

Ikafika nusu, rangi ikaisha.

Duka la rangi lilikuwa limefungwa. Mzee Shirima akafikiri, akasema si neno, huo upande uliopakwa uelekezwe barabarani mgeni atakapokuwa anapita. Nikamkumbusha kwamba linazunguka, Mzee. Akasema basi mgeni ataona nusu ya muda, na nusu ya muda si haba.

Kesho yake asubuhi tuliwasha mtambo. Tukatazama mnara wa simu ambao kila siku tunautumia kupimia kama rada inasikia. Ukaonekana. Nguvu, inatosha. Umbali, sawa. Tukatia tiki. Hakuna aliyepima upana wa doa la mnara, kwa sababu hakuna siku upana ule uliwahi kubadilika.

Mgeni alifika na msafara wake, akatembezwa, akasifu mawe. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu asubuhi, mazito, yamelalia vilima vya Pugu kama blanketi lililolowa. Mchana, wakati mgeni na Mzee Shirima wako kwenye supu ya mbuzi, mbuzi mwingine, simu ya moja kwa moja kutoka chumba cha kuongozea ndege mjini ikalia. Nilikuwa na fundi wa zamu. Na mlangoni, akiwa bado na kanga ya msibani begani, alikuwa anaingia Bi Tunu, aliyekuja mara moja kuchungulia kazi. Sikupata hata muda wa kumpa pole. Alipokea simu yeye.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kulikuwa na ndege mbili zinakuja kutoka baharini ndani ya wingu. Moja ni ya mizigo, rubani wake anaongea kwenye redio vizuri. Ya pili ni ndege ndogo iliyotoka visiwani imebeba mama mjamzito ambaye mtoto amekaa vibaya tumboni, na muuguzi wake. Ndege hii ndogo umeme wake ulikuwa umekufa njiani. Rubani wake haongei, haitikii, hata ile mashine ya kujitambulisha haijibu. Kwa hiyo kitu pekee kilichoweza kuiona ni sisi, mwangwi mtupu. Na kule mjini kwenye skrini yao, inayopokea kutoka kwetu, walikuwa wanaona doa moja. Walitaka kujua: ni moja au ni mbili? Kama ni moja, basi ile ndogo imeanguka baharini, na boti zianze kutoka sasa hivi. Kama ni mbili, basi zimekaribiana mno, na ile ya mizigo imeshaomba kushuka. Ikishuka kwa kukata kona upande usiofaa, itamshukia yule mama.

Rubani wa mizigo alikuwa anasubiri jibu. Mafuta yake hayakuwa ya kusubiri mpaka Magharibi.

Mzee Shirima akaingia na kijiko bado mkononi. Alipoelewa, akasema tuongeze nguvu. Fundi wa zamu akaongeza. Doa likang'aa zaidi. Likapanuka. Likawa kama andazi lililolowa mafuta. Lakini likabaki moja.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Kuongeza nguvu ni kupiga debe kwa nguvu zaidi. Walewale waliobanana kama ndizi watalisikia vizuri sana, watanyoosha mikono juu kabisa, na bado hawatajua liko wapi wala kama ni mawili. Kuona mbali ni jambo moja. Kutenganisha ni jambo lingine.

Bi Tunu akasema rudisheni nguvu ilipokuwa. Akaweka vidole viwili kwenye kioo, akapima upana wa doa. Kisha akatafuta mnara wa simu, akapima na wenyewe.

"Mnara umepanuka," akasema. "Umekuwa mara mbili ya ulivyokuwa nilipoondoka. Antena yangu imekuwa nusu. Nani ameikata?"

Mimi, kwa ujinga uliochanganyika na fahari, nikamwambia haijakatwa, Mama, imepakwa rangi, tena nusu tu, na inapendeza. Akaenda dirishani. Bango likazunguka, upande wa kushoto ukameremeta kuelekea kwetu, ukapita.

Rangi ya silva ina unga wa alumini ndani yake, wanangu, na mwangwi wa rada haupenyi bati. Ile inayong'aa ndiyo bati lenyewe. Tulikuwa tumeyaziba kwa bati masikio nusu ya safu, tukabaki na nusu ya uwanja wa mpira.

Nilitegemea atupigie kelele. Mzee Shirima alikuwa anamtazama kama mwanafunzi. Bi Tunu alirudi kwenye kiti, akauliza swali moja, kwa sauti ileile ya darasani: doa hili ni pana, lakini je, ni nene?

Nikaangalia. Lilikuwa pana kushoto na kulia, lakini kwenda mbele na nyuma, yaani kwa umbali kutoka kwetu, lilikuwa jembamba kama uzi. Nikamwambia ni jembamba.

"Kwa hiyo wako bega kwa bega, kama wako wawili. Hakuna aliye mbele wala nyuma. Upana tumeupoteza kwa rangi. Umbali hatujaupoteza, umbali hautegemei urefu wa antena, unategemea ufupi wa mlio tunaotuma. Tutawatenganisha kwa umbali."

Akachukua simu. Aliwaambia watu wa mjini kwamba rubani wa mizigo asishuke, asigeuke kulia wala kushoto, kwa sababu hatujui mwenzake yuko upande gani. Abaki juu palepale alipo, aelekee kulekule anakoelekea, ila apunguze mwendo. Nyuma yake ni salama, hilo tunalijua. Wakabisha kidogo kule mjini, nilisikia sauti ikikwaruza. Akawaambia taratibu kwamba kama ni ndege moja, doa lote litachelewa. Kama ni mbili, moja itachelewa na moja itaendelea, na tutaziona.

Kisha tukasubiri. Bango likazunguka. Doa moja. Likazunguka tena. Doa moja. Mzee Shirima alikuwa ameshika kile kijiko kama tasbihi. Mimi nilikuwa nimeacha kupumua tangu simu ilipolia, na nadhani sijaanza vizuri mpaka leo. Bango likazunguka, na doa likawa nene kidogo. Likazunguka, likawa na kiuno. Likazunguka tena, kiuno kikakatika, na mbele yetu zikawa nukta mbili, moja imetangulia, moja inafuata.

"Ni mbili," Bi Tunu akasema kwenye simu. "Iliyotangulia ndiyo ya mama. Mpisheni."

Wakampisha. Ya mizigo ikazungushwa mbali kwa nyuma, kulikokuwa salama. Ile ndogo ikatoka chini ya wingu juu ya Pugu, rubani akaona ardhi, akaona kiwanja, akashuka mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Simu ilipolia tena ilikuwa kusema gari la wagonjwa limeshaondoka nao. Baadaye tuliambiwa mama alipasuliwa, na yeye na mtoto wote wazima. Mzee Shirima aliondoka chumbani kimya kimya, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Sijawahi kumsikia Bi Tunu akimsema Mzee Shirima kwa ile rangi, hadharani wala faraghani. Alimwambia tu, mbele yetu, kwamba kituo kimependeza na kwamba kesho Kondo arudi na tina ya kuondolea rangi na matambara. Kondo alirudi, na alipoelezwa kilichotokea alikataa ujira wa kubandua. Alisugua kifuniko kile kuanzia asubuhi mpaka kikarudi rangi ya meno ya mvuta sigara, na tangu siku hiyo nimeipenda rangi hiyo kuliko dhahabu. Mzee Shirima naye aliandika kwa mkono wake kibao, akakipigilia chini ya mnara: hapa hapapakwi kitu. Kibao kilikuwepo nilipostaafu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wageni na kuwasimulia kisa chote bila kujificha. Ndiyo maana nakisimulia kwa jina lake. Nawashukuru wote watatu: aliyekosea akakiri, aliyesugua bila kudai, na aliyehesabu bila kufoka. Ukipata kazi yenye watu wa namna hiyo, usiiache hata kama mshahara unakuja kwa kobe.

Kila nilichofanya baadaye kimetoka mle. Kabla sijatia tiki, napima upana. Nikiona doa linang'aa sana, nauliza kwa nini ni pana. Na zile hesabu za siku hizi mnazozitumia ninyi, zinazochukua masikio yaleyale na kutenganisha ndege zilizobanana hata pale urefu wa mstari wenyewe unaposhindwa, ninaziheshimu, lakini hazifanyi kazi kama masikio yenyewe yameambiwa uongo. Safisheni masikio kwanza.

Limebaki jambo moja la siku ile.

Mgeni alikwishaondoka, mawingu yameanza kupasuka, na mimi na Bi Tunu tulikuwa ukumbini tukielekea nje, yeye akapande basi arudi matangani. Kuna kitu kilikuwa kinanikereketa moyoni tangu mchana. Maisha ya watu yalikuwa hatarini, na yeye akahangaika na doa kwenye kile kioo cha kubabaisha, wakati kioo chenyewe kipo hatua chache tu kutoka hapo. Nikaona ni roho mbaya ya wakubwa. Nikakusanya ujasiri wangu wote.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini leo hamkukifungua kile chumba?"

Akauliza chumba gani. Nikamwonyesha mlango wa kijani. Nikamweleza yote: kinyozi, binamu yake mlinzi, kioo kikubwa kama ukuta, kuku, mpaka kaptura yangu ya bafuni. Hakucheka. Alirudi ofisini kwa Mzee Shirima, akaja na ufunguo, akafungua kufuli, akasukuma mlango.

Ndani mlikuwa na mifagio, ndoo mbili, gunia la chokaa iliyobaki, na kopo tupu la rangi ya silva.

"Hakuna kioo kingine, Athumani," akasema. "Rada haioni kuku wala haioni kaptura. Inaita, na inasikiliza mwangwi ukirudi. Ukirudi tunajua kuna kitu. Kama ni kimoja au ni viwili, hiyo ni kazi yetu."